Eda Isiyokwisha: Mtalaka, Penzi la Pili na Ukimya wa Wahakiki

Utangulizi

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili umemshughulikia mwanamke kwa marefu na mapana. Umemtazama akiwa binti, akiwa mke, akiwa mama, akiwa kahaba na akiwa mwanaharakati. Kuna hali moja ambayo umeipita mbio, nayo ni hali ya mwanamke aliyeachana na mume, akamaliza eda yake, kisha akapenda tena. Mhusika huyu yumo katika riwaya zetu, tena katika baadhi ya zile zilizo bora kabisa. Katika uhakiki hayumo. Anapotajwa, hutajwa kama masalio ya ndoa iliyovunjika, au kama ishara ya jambo jingine linalodhaniwa kuwa kubwa kuliko yeye. Penzi lake la pili huhesabiwa kuwa tukio la pembeni, kitu cha kujazia kurasa baina ya dhuluma na ukombozi.

Makala haya yanashikilia kwamba kosa hili si dogo, na kwamba halitokani na usahaulifu. Linatokana na namna ya kusoma iliyozoeleka katika vyumba vya mihadhara hata ikadhaniwa kuwa ndiyo njia pekee. Hoja ni hii: katika utamaduni uliozaa sehemu kubwa ya riwaya ya Kiswahili, ndoa ya kwanza ndiyo ndoa ya ukimya, na penzi la baada ya talaka ndilo la kwanza ambalo mwanamke hulitolea kauli. Mhakiki anayelipuuza penzi hilo anaipuuza sauti ile ile ambayo, katika kila tasnifu na kila kongamano, anadai kuitafuta.

Bikira hunyamaza, mtalaka husema

Inafaa kuanza na sheria, kwa kuwa wahakiki wengi huitaja sheria ya Kiislamu pale tu wanapotaka kueleza jinsi mwanamke wa pwani alivyofungwa. Katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa mwambao, fikihi hutofautisha mwanamwali na mwanamke aliyekwisha kuolewa. Mwanamwali huweza kuozwa na babake hata bila ya kuulizwa, ingawa hupendekezwa aulizwe. Na akiulizwa, kimya chake huhesabiwa kuwa idhini. Mwanamke aliyekwisha kuolewa hali yake ni nyingine. Walii bado anahitajika ili nikaha ifungwe, lakini hakuna awezaye kumwoza mpaka mwenyewe atamke. Kimya chake hakitoshi.

Mtu asome tena tofauti hiyo kwa jicho la mhakiki wa fasihi. Sheria yenyewe inakiri kwamba kuna ndoa inayofungwa juu ya ukimya wa mwanamke na ndoa isiyoweza kufungwa bila ya neno lake. Kwa mwandishi wa riwaya, hakuna kanuni ya usimulizi iliyo wazi kuliko hii. Katika ndoa ya kwanza msimulizi humsemea binti, kwa sababu hata jamii ilimsemea. Katika penzi la pili msimulizi hana budi kumpa kinywa. Hapo ndipo dayalojia inapoanza, ndipo usemaji nafsi unapopata uzito, ndipo mhusika anapokuwa na jambo la kuamua na sababu ya kuogopa.

Lugha nayo ina ushahidi wake. Mume huoa na mke huolewa. Mume huacha na mke huachwa, au huachika. Sarufi ya ndoa imemweka mwanamke katika kauli ya kutendwa tangu mlango wa kuingilia hadi ule wa kutokea. Wahakiki wa mrengo wa kijinsia wameligundua hili zamani na wameliandika vya kutosha. Wasilolitaja ni kwamba nomino inayomtaja mtu baada ya talaka haijali mlango alioutokea. Mtalaka ni mwanamke, na mtalaka ni mwanamume. Aliyeacha ni mtalaka wa aliyeachwa, na aliyeachwa ni mtalaka wa aliyeacha. Tena pamoja na talaka lugha inazo khului, ambapo mke hujikomboa kwa kurejesha mahari au mali nyingine, na faskhi, ambapo kadhi huivunja ndoa kwa mashtaka ya mke. Katika njia hizi mwanamke hasubiri kutendwa. Hutenda.

Hali hii haipo vitabuni tu. Utafiti wa Susan Hirsch juu ya mahakama za Kadhi za Mombasa na Malindi, uliochapishwa mwaka 1998, ulionyesha kwamba mwanamume anatarajiwa kutamka na mwanamke anatarajiwa kuvumilia. Lakini mwanamke anayepeleka shauri lake mahakamani huyasimulia mambo ya ndani ya nyumba mbele ya watu, na kwa kusimulia huko huvunja kanuni ya usiri na mara nyingi hushinda. Yaani kuvunjika kwa ndoa humgeuza mwanamke kuwa msimulizi. Mwanaisimu anthropolojia kutoka Marekani aliliona hili katika faili za kadhi. Wahakiki wa simulizi, ambao kazi yao ni simulizi, hawajaliona katika riwaya.

Lipo pia suala la eda. Mwanamke aliyeachwa hukaa eda ya tohara tatu. Asiyepata hedhi hukaa miezi mitatu. Mjamzito hukaa mpaka ajifungue. Aliyefiwa hukaa miezi minne na siku kumi. Hesabu hizi zinajulikana hata na watoto wa chuoni. Jambo la kuzingatiwa ni kwamba zote zina mwisho. Sheria inayolaumiwa kwa ukali wake imeweka siku ambayo mwanamke hutoka ndani, hujifukiza udi na kuendelea na maisha. Uhakiki wetu, unaojiita wa kimaendeleo, haujaweka siku hiyo. Umemweka mtalaka katika eda isiyokwisha.

Makosa matatu

Kosa la kwanza ni la kumgeuza mtalaka kuwa ishara. Mwanamke akidhulumiwa na mume, basi mume ni mkoloni au tabaka tawala, na mke ni nchi au tabaka la wavujajasho. Akiachwa, nchi imepata uhuru wa bendera. Akipenda tena, mhakiki hubabaika, kwa kuwa ishara haina kifua cha kupendea. Usomaji wa aina hii ulikuwa na manufaa yake katika miaka ya 1970 na 1980, wakati fasihi ilipolazimika kujieleza mbele ya siasa. Leo umekuwa mazoea ya kivivu. Mwanafunzi huandika sura nzima juu ya mwanamke fulani bila ya kutaja hata mara moja anampenda nani na kwa nini.

Utengano, riwaya ya Said Ahmed Mohamed iliyotoka mwaka 1980, ni mfano mzuri wa maandishi yaliyotendewa hivyo. Bi Tamima anapewa talaka na Bwana Maksuudi. Tangu hapo, katika maswali ya mitihani na katika majibu yake, Tamima huwa ni kielelezo: kielelezo cha dhuluma, cha utawishaji, cha ubabedume. Anaulizwa alitendewa nini. Haulizwi alitaka nini. Swali la kwanza lina jibu rahisi linaloweza kusahihishwa kwa alama, na la pili linamtaka mwanafunzi asome tena.

Kosa la pili ni la kupenda adhabu. Fasihi yetu imeurithi mkono wa hadithi za mawaidha, na mkono huo ni mwepesi wa kuchapa. Rosa Mistika wa Kezilahabi, katika riwaya ya mwaka 1971 yenye jina hilo hilo, alikataliwa na mchumba kwa kutokuwa bikira, akajiua. Mwandishi aliiandika adhabu hiyo kwa uchungu, akiielekeza lawama kwa baba na kwa malezi. Wasomaji wake wengi waliipokea kama funzo kwa wasichana. Mazoea haya humfuata mtalaka. Akipenda tena akapata shida, mhakiki husema alipotoka. Akipenda tena akapata raha, mhakiki husema riwaya haina uhalisi. Mhusika hana njia ya kutoka salama.

Kosa la tatu ni dharau ya tabaka la vitabu. Neno "pendwa" limegeuzwa kuwa tusi. Kazi ikihusu mapenzi ya watu wazima waliokwisha kuumizwa, na ikamalizikia mahali pasipo kaburi, huhamishiwa haraka kwenye rafu ya fasihi pendwa, na huko hakuna anayeihakiki. Hatari hapa ni ya kitaaluma kabisa: mgawanyo ambao ulipaswa kuwa hitimisho la uchunguzi umekuwa kisingizio cha kutochunguza.

Yasmin na ng'ambo yake

Kama kuna riwaya inayoyafichua makosa haya yote kwa pamoja, ni Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, iliyochapishwa mwaka 1999. Yasmin, binti wa Kihindi wa miaka 15, anaozwa kwa Bwana Raza mwenye miaka 52. Hatoi kauli. Ndoa inavunjika. Jamaa zake wanamfungia mlango, naye anapokewa na Mwajuma, mwanamke wa Ng'ambo, Unguja. Huko ndiko anakojifunza kucheka, kwenda ngomani na kupenda. Anampenda Denge, kijana aliyerudi kutoka masomoni Urusi na anayeandamwa na serikali ya kikoloni kwa harakati zake.

Yasmin ni wa jamii ya Wahindi, na si lazima sheria ya jamaa zake iwe ile ya Washafii wa mwambao. Hata hivyo mantiki ya riwaya inafuata mkondo ule ule: nyumba ya kwanza ni ya ukimya, na ya pili ni ya maneno. Msomaji aulinganishe upungufu wa usemi wa Yasmin katika nyumba ya Raza na wingi wa mazungumzo yake chumbani kwa Mwajuma. Fani yenyewe inasema.

Uhakiki umefanya nini na utajiri huu? Umekimbilia kwa Denge. Denge ana siasa, ana makaratasi ya siri, ana polisi mlangoni. Ni mhusika anayehakikika kwa urahisi. Yasmin huingizwa katika uchambuzi kama mtu aliyezinduliwa na Denge, kana kwamba kabla ya kukutana naye hakuwa amefanya uamuzi wowote. Ukweli wa riwaya ni kinyume. Hatua ngumu kuliko zote, ya kuuacha mlango wa mume bila ya kuwa na mlango mwingine wa kuingia, Yasmin aliichukua kabla ya kumjua Denge. Hakuna mwanamapinduzi aliyemfundisha. Mtu wa kwanza aliyemsaidia alikuwa mwanamke mwenzake, tena maskini.

Jina la mahali alipopokewa lina uzito ambao wahakiki hawajautumia. Ng'ambo ni upande wa pili. Kati yake na Mji Mkongwe palikuwa na hori la maji, ambalo baadaye lilifukiwa, na lilitenga rangi, mali na heshima. Yasmin hakuhitaji kupanda meli kwenda nchi ya mbali ili aanze upya. Alivuka mahali ambapo mtu huvuka kwa miguu. Riwaya inasema kwamba mwanzo mpya u karibu hivyo, na kwamba kinachozuia watu kuuvuka si maji.

Penzi la Yasmin na Denge halidumu. Denge anafungwa na mwishowe analazimika kuikimbia nchi; Yasmin anaungana na Bukheti, mtu aliyemfahamu tangu siku zake za upweke Mombasa. Wapo wanaousoma mwisho huu kama kushindwa: ama kushindwa kwa penzi, ama kushindwa kwa mwandishi aliyetaka kumpatia Yasmin mume ili aifunge hadithi. Usomaji huo unapima penzi kwa urefu wake, kama kamba. Yasmin anayekwenda kwa Bukheti si yule aliyepelekwa kwa Raza. Huyu amechagua, amepoteza, amechagua tena. Kipindi cha Denge ndicho kilichomtengeneza awe mtu wa kuchagua. Amil Shivji alipoitengeneza filamu ya riwaya hii, iliyoonyeshwa katika tamasha la Toronto mwaka 2021, aliliweka penzi hilo katikati ya kazi yake. Mtengenezaji filamu aliona mahali moyo wa hadithi unapopigia. Wahakiki wa riwaya walikuwa na zaidi ya miaka 20 ya kuuona.

Mapenzi ya msimu

Ni vyema kuitazama fasihi ya kwingine, kwa kuwa huko kisa cha mtalaka anayepata penzi wakati wa likizo ya kiangazi kimekuwa utanzu mzima. Mfano uliovuma sana ni How Stella Got Her Groove Back ya Terry McMillan, Mmarekani Mweusi, iliyotoka mwaka 1996 na kufanywa filamu mwaka 1998. Stella ana miaka 42, ameachika, ana mtoto na kazi nzuri. Anakwenda Jamaica kupumzika na kumpenda kijana aliyemzidi umri kwa miaka mingi. Msomaji wa Kiswahili ana sababu nzuri ya kukikunjia uso kisa hiki, kwa maana yeye amekaa upande wa pili wa ufuo. Anazijua Diani, Malindi na Mtwapa. Anajua kwamba likizo ya mmoja ni riziki ya mwingine, na kwamba penzi linalonunuliwa kwa tiketi ya ndege huwa na bei inayolipwa na mwenyeji. Filamu ya Ulrich Seidl, Paradies: Liebe, ya mwaka 2012, ilimwonyesha mama wa Austria aitwaye Teresa akitafuta penzi katika pwani ya Kenya, na haikuacha kificho chochote juu ya biashara hiyo.

Basi je, kisa cha Stella kitupwe? Hapana. Udhaifu wake ni kwamba kisiwa cha watu wengine kimegeuzwa kuwa dawa ya mtu mmoja. Nguvu yake ni kwamba mwanamke wa makamo, mwenye ndoa iliyokufa, amepewa kitabu kizima cha kuwaza kwa sauti yake mwenyewe, bila ya kuadhibiwa na bila ya kugeuzwa bendera. Mwandishi mwenyewe aliolewa mwaka 1998 na kijana aliyekutana naye Jamaica, na ndoa hiyo ikavunjika mwaka 2005. Waliokuwa wakikicheka kitabu waliona wamepata ushahidi. Ushahidi wa nini? Riwaya haikuwa cheti cha ndoa, na kuvunjika kwa ndoa ya mwandishi hakuondoi kauli ya mhusika.

Utamaduni wa pwani haukuhitaji kufundishwa jambo hili na Jamaica. Neno msimu lina asili ya Kiarabu, na ndilo lililozaa pia jina la Kiingereza la pepo za Bahari ya Hindi. Mwambao uliishi kwa misimu: kaskazi, wakati wa joto, ilileta majahazi kutoka Arabuni na Ghuba, kusi iliyarejesha. Biashara, harusi na mafarakano vilipangwa kwa pepo hizo. Hakuna aliyesema kwamba kaskazi ni upepo wa bandia kwa kuwa hukoma. Jahazi lililofika limefika, na shehena iliyoshuka imeshuka. Watu waliokuwa na busara hiyo juu ya bahari wanastahili wahakiki wenye busara hiyo juu ya mapenzi.

Pingamizi

Kuna pingamizi mbili zinazostahili jibu. Ya kwanza ni ya kimaadili: kulitukuza penzi la pili ni kuihalalisha talaka, na talaka huumiza, hasa watoto. Maumivu hayo ni kweli, na fasihi inayoyaficha haina maana. Lakini kuisoma hali si kuipigia debe. Mhakiki anayechambua vita hashutumiwi kwa kutaka damu. Tena talaka haikungoja idhini ya wahakiki. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 45, imewapa wanandoa haki sawa wakati wa kufunga ndoa, wakati wa ndoa na wakati wa kuivunja. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 imeweka ndoa za Kikristo, za kiserikali, za kimila, za Kihindu na za Kiislamu chini ya paa moja. Wanafunzi wanaoketi mbele ya mhadhiri ni watoto wa nyumba hizi, na baadhi yao ni watalaka. Wanaposikia darasani kwamba maisha ya mhusika yaliishia kwenye talaka, wanasikia hukumu.

Pingamizi ya pili ni ya kiitikadi: mapenzi ni anasa ya ubwanyenye, na uhakiki makini huangalia njaa, ardhi na dola kwanza. Yasmin anatosha kuwa jibu. Aliozwa kwa ajili ya mali. Alipokewa na maskini. Mpenzi wake alifungwa na dola. Hakuna mstari wa kiuchumi au wa kisiasa usiopita katika chumba chake. Mhakiki anayeyatenga mapenzi na siasa ili aihifadhi siasa huishia kuwa na siasa isiyo na watu ndani yake. Bara nako, katika jamii nyingi ambamo talaka ya kimila ilikamilika kwa kurejeshwa mahari, uamuzi wa mwanamke wa kupenda tena ulikuwa jambo la ng'ombe, la kaka waliooa kwa ng'ombe hao, na la ardhi ambayo watoto wangerithi. Anayetaka kuusoma uchumi wa jamii hizo na aanzie hapo.

Hitimisho

Kinachodaiwa hapa hakihitaji nadharia mpya wala fedha za utafiti. Kinahitaji maswali matatu yaulizwe kila anapotokea mhusika mtalaka katika kazi ya Kiswahili. Je, anasema zaidi au anasema kidogo kuliko alivyosema katika ndoa ya kwanza? Je, amechagua nini ambacho hakuchaguliwa? Na je, penzi lake likikoma, amebaki na kipi? Mwanafunzi atakayeyajibu haya kwa kurejelea matini atakuwa amefanya kazi ya usimulizi, ya jinsia na ya jamii kwa wakati mmoja.

Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Waandishi wetu walilielewa hilo, wakaendelea kufua. Wahakiki bado wamesimama penye koleo lililovunjika, wakilipima, wakiliandikia tasnifu, na kumwuliza mhunzi kwa nini anapiga kelele.